Mama Akech Amepumzika

Jericho, Jumatatu 24 Machi 2025

Mama Akech,

Nimekukosea. Naandika kwa sababu kwa simu najijua, nitakwepa nianze kukuuliza habari ya magoti.

Ile Alhamisi baada ya Jumatano ya Majivu nilipokuja kwako Shauri Moyo, sikuja kubariki nyumba. Nilikuja matangani. Matanga yako wewe.

Ilikuwa hivi. Willis, mwenyekiti wa jumuiya yenu, alinipigia simu mwisho wa Februari. Alikuwa sokoni, kelele ni nyingi. Akasema, "Padri, Mama Akech amepumzika. Tunaomba Misa." Nikasema, "Poleni sana." Akasema, "Asante padri. Kwa kweli alikuwa amechoka." Nikamuuliza ni lini. "Jana jioni." Simu ikakatika.

Sasa wewe niambie. Mtu alikuwa amechoka, amepumzika jana jioni, watu wake wanaomba Misa. Mimi ni padri, hilo neno nalisikia kila wiki na maana yake ni moja. Sikujua umefunga kibanda chako cha samaki Gikomba. Sikujua ni Misa ya shukrani. Mimi ni mgeni hapa tangu Krismasi. Nilichojua juu yako ni kile Willis alishaniambia, kwamba binti yako yuko kwa masista wa ndani, wale wasiotoka, ambao mimi huwasomea Misa kila Jumamosi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kwenye sala za waamini nikasema, "Tumwombee marehemu Mama Akech, mama wa Sista Maria Yusta, aliyepumzika." Nyuma ya vyuma vinavyowatenga na sisi wakajibu kama kawaida. Mimi siwaoni. Wakati wa komunyo kuna kidirisha, naona mikono tu. Kuna mkono mmoja wenye kovu la kuungua karibu na kidole gumba. Siku hiyo ule mkono ulipokea ukasahau kurudi, nikajua ndiye.

Halafu nikaja kwako na stola ya zambarau ya kuombea wafu mfukoni, nikabisha, ukafungua wewe mwenyewe, mikono ina magamba ya samaki. Nikakuuliza mwenye nyumba ni nani. Ukasema, "Mimi Mama Akech, nani mwingine?" Basi nikasema nimekuja kubariki nyumba. Nikanyunyiza maji ya baraka mpaka jiko lako likazima.

Ukanipa chai. Ukaniambia unarudi kwenu Ugunja kabisa, na kabla hujaenda unataka kumwona mtoto wako. Nikakujibu, "Nitafikisha salamu."

Nisamehe. Nitamwambia.

Padri Mbugua


Shauri Moyo, Alhamisi 27 Machi

Padri,

Anayeandika ni Fatu, jirani wa mlango wa pili. Mama Akech macho yake hayashiki mstari. Yeye anasema, mimi naandika, na nina saumu, kwa hivyo nimemwomba asinichekeshe.

Anasema hivi:

Kumbe ulinizika, padri, na ukaja kwa matanga mikono mitupu, hata sukari hukubeba! Nilijiuliza huyu padri anabariki nyumba ya kaunti ambayo mimi nahama, kwani ana nini? Na mbona anaangalia kitanda? Nikamwambia Fatu, "Huyu ama ni mgonjwa ama anatafuta nyumba ya kukodi."

Willis nimemweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa jumuiya yote inaniita Marehemu. Jana yule mama wa mboga ananiuliza, "Marehemu, leo ni sukuma ama kunde?"

(Mimi Fatu nilimwambia maiti hachagui mboga. Akanitupia kitambaa cha vyombo.)

Lakini hapa nimeacha kucheka, padri.

Hilo kovu ni mimi. Alikuwa mtoto, nakaanga samaki, mafuta yakaruka. Alilia mpaka mtaa mzima ukaja. Huyo ndiye Akech, akilia ulikuwa unajua amelia.

Alipoingia kwa hao masista sikumbariki. Nilikuwa na msichana mmoja na kijana mmoja, Obonyo, na baba yao Zedekiah alishafariki. Nilienda kumwona mara moja, ule mwaka wa kwanza. Wakamleta akakaa nyuma ya vyuma. Nikamwambia, "Mimi siongei na mtoto wangu kama mfungwa," nikaondoka. Imepita miaka kumi na moja. Alikuwa akiandika, mimi sijibu. Sasa nimezeeka na kiburi kimeisha, magoti ndiyo yamebaki, nayo ni mabaya.

Obonyo atakuja kunichukua Jumatano tarehe kumi na sita Aprili. Nikifika Ugunja Nairobi sirudi tena, huu mwili haupandi basi mara mbili. Mwezi huu nimemwandikia Akech barua mbili kwa mkono wa Fatu, nikimwambia nakuja. Hajajibu. Nikasema ni haki yake, amekasirika.

Sasa niambie kitu kimoja. Umeandika "nitamwambia". Hujamwambia bado? Mtoto wangu anajua niko hai ama hajui? Kwa sababu kule ndani, padri, nasikia hawalii kwa sauti.

Mama Akech (ameweka kidole)


Jericho, Ijumaa 28 Machi

Sista Maria Yusta,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya tatu niliikuta kwenye lile kasha la kuzunguka ukutani, la kupitishia vitu, baada ya Misa. Mshukuru Mama Mkuu kwa niaba yangu kwa kukuruhusu. Najua ni Kwaresima na barua za nje zimefungiwa mpaka Pasaka.

Umeniuliza kuhusu mazishi, kwa sababu uliwaza nilikuwepo. Ndiyo. Siku ilikuwa na jua, baadaye mawingu kidogo. Watu walikuja wengi. Waliimba vizuri sana, nyimbo za kwenu. Ndugu yako Obonyo alisimama wima mpaka mwisho, hakuongea sana. Kaburi liko mkono wa kulia wa nyumba, ukisimama mlangoni ukiangalia nje. Mahali pazuri, pana upepo. Mama yako alikuwa na uso wa amani. Usihangaike.

Nitaendelea kumtaja kila Jumamosi kama ulivyoomba.

Barua zako huwa nazisoma hapa mezani kabla ya chakula. Mpishi huwa ameshaenda nyumbani. Usijione lazima ujibu haraka. Lakini ukijibu nitafurahi.

Padri Mbugua


Monasteri, Jumatatu 31 Machi

Padri Mbugua,

Milele na milele, amina. Nimesoma barua yako nikaisoma tena. Mama Mkuu amenipa karatasi moja, kwa hivyo nitasema tu lile linaloniumiza.

Umesema mkono wa kulia.

Padri, kwetu mwanamume ndiye analazwa kulia mwa nyumba yake. Mwanamke ni kushoto. Baba yuko kulia, mimi mwenyewe nilisimama hapo akishushwa. Sasa mama wamemweka wapi? Mwanamke kuondolewa upande wake ni kama kumwambia hakuwa mwenye hiyo nyumba. Na mama aliuza samaki Gikomba maisha yake yote ili hiyo nyumba isimame. Mabati ni yake. Mlango ni wake.

Ni Obonyo. Nani mwingine ana amri pale? Hakuja kuniambia mama amefariki, nikasikia kwako katikati ya Misa, na hilo nikalisamehe. Hili la kaburi siwezi. Jana wakati wa kupeana amani mkono wangu ulikataa kuinuka, sista aliye karibu nami akangoja mpaka akaushusha wake. Sijawahi kumchukia mtu tangu niingie humu. Mama Mkuu ameniruhusu nimwandikie Obonyo siku ya Pasaka, na kila neno nimeshaliandika kichwani. Ni maneno ambayo dada akimwambia ndugu yake hawawi ndugu tena.

Mama alikuja kuniona mara moja. Siku hiyo nilikuwa nimemwekea mkate wa kwanza niliooka mwenyewe hapa. Aliondoka kabla sijautoa. Nilikaa pale na mkate magotini mpaka kengele ikalia. Nilijua atarudi. Kila siku ya wageni nilijua.

Wewe si mtu wa kwetu. Pengine umechanganya mikono, padri. Tafadhali sema umekosea.

Sista Maria Yusta


Jericho, Jumatano 2 Aprili

Mama Akech,

Nimepata barua yako. Samahani kwa kuchelewa, kazi ya Kwaresima ni nyingi.

Kule kwa masista barua zote za nje zinawekwa mpaka Pasaka, ndiyo maana hujajibiwa. Hajakukasirikia. Yuko salama, ana amani. Mambo ya kule ndani hayaendi kwa haraka kama yetu ya huku. Labda umwombe Obonyo asogeze safari mbele, hata wiki mbili? Mimi nitatafuta wakati mzuri.

Mungu akubariki.

Padri Mbugua


Shauri Moyo, Jumapili 6 Aprili

Padri,

Ni Fatu tena. Leo sina saumu, na hakuna aliyecheka.

Jana tulikuja. Mama Akech alisema, "Huyu padri anazungusha, twende mwenyewe nikaone." Tukaenda kwa masista, mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Tulikaa nyuma kabisa. Mimi na buibui langu mama mmoja aliniinamia akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Sista." Sikujua jibu, nikamwambia, "Alhamdulillahi." Akaenda akakaa mbali. Hilo ndilo la kuchekesha, na limeisha. Yanayofuata ni maneno yake:

Nilikuja nimejipanga, padri. Misa ikiisha niende kwa ule mlango mdogo, nigonge, niseme mimi ni mama yake, nitoleeni mtoto nimwone. Nilikuwa nimevaa viatu vya Zedekiah, kwa sababu vyangu vinabana.

Halafu ukafika kwa maombi. Nikasikia kwa masikio yangu. "Tumwombee marehemu Mama Akech." Mimi niko hapo, nimeshika kiti cha mbele. Ulikunywa chai yangu. Ulinibarikia jiko. Ulikuwa unajua, na ulinitaja na marehemu mbele ya mtoto wangu.

Nilifungua mdomo nikuite mwongo mbele ya Mungu wako. Fatu ni shahidi, alinishika mkono.

Na hapo Akech akaimba. Wewe ulikuwa umemaliza, sauti moja ikaanzisha kule ndani, wengine wakafuata. Ni yeye. Anaimba "Bwana" kama baba yake, anaivuta. Kumi na moja, padri, miaka kumi na moja sijasikia hiyo sauti. Nikasema nikipiga kelele sasa nitaikata. Wacha amalize. Akaimba, akaimba, na alikuwa ananiimbia mimi nipumzike kwa amani. Alipomaliza sikuwa na mdomo tena. Ule mlango mdogo sikuugonga. Fatu ndiye alinirudisha nyumbani.

Nilikusamehe ulipokosea neno. Mtu yeyote angekosea. Lakini hii ya jana si kukosea. Kwa nini? Mimi nilikufanyia nini? Nimebakisha siku kumi Nairobi. Usiniandikie kuhusu Kwaresima.

Mama Akech

(Mimi Fatu naongeza langu. Tangu jana hajala. Kwetu mtu akisingizia mauti anaogopa. Nyinyi hamuogopi?)


Jericho, Jumatano 9 Aprili

Mama Akech,

Willis atakuletea hii leo mchana na amwambie Fatu akusomee yote, hata pale utakapotaka aache.

Jumamosi sikukuona. Nilikuwa naangalia vyuma.

Umeniuliza kwa nini. Nimekaa na hilo swali siku tatu, na jibu ni dogo mpaka naona aibu. Nilikuwa napata barua.

Nilitoka kwako ile Alhamisi nikijua uko hai. Jumamosi nikaenda na nia ya kusema. Haki ya Mungu nilikuwa na nia. Nikafika, kwenye kasha nikakuta karatasi yenye jina langu. Akech aliandika kunishukuru, akaniuliza kama mimi pia nina mama. Hapa Jericho watu wananiandikia kila siku, Padri naomba barua ya ubatizo, Padri njoo ubariki gari. Hakuna anayeuliza kama nina mama. Nikasema nitajibu hii moja tu, halafu nimwambie. Akajibu. Nikasema hii moja tena. Nilijua siku nikisema "mama yako yuko hai" hana tena sababu ya kuniandikia, na Mama Mkuu hatatoa karatasi nyingine.

Sijui kama utaelewa ile Misa ya kule. Viti vya nje siku nyingi ni vitupu. Nasema, "Bwana awe nanyi," ukuta unanijibu. Wakati wa kupeana amani wao wanapeana kule ndani, nasikia nguo zikisogea, na mimi nimesimama peke yangu upande huu, sina mkono wa kushika. Napiga goti nijifanye nina kazi. Halafu vile vidole kwenye kidirisha, vinapokea na kurudi. Nilipoanza kujua mkono mmoja ni wa nani, nilijiona nina mtu. Nilijipatia mtu kwa kukuua wewe. Sina namna nyingine ya kulisema.

Na iko mbaya zaidi. Aliniuliza kuhusu mazishi na mimi nikamweleza mazishi. Jua, nyimbo, watu. Nilikuzika kwa kalamu, Mama. Na kwa ujinga nikakuweka kulia mwa nyumba. Sasa anaamini Obonyo alikunyima upande wako, na anamchukia kwa kosa ambalo hajafanya. Nilikuandikia ana amani. Siku hiyo barua yake ilikuwa mbele yangu ikisema amani imemshinda. Aliniandikia niseme nimekosea. Sikumjibu. Jumamosi nikakutaja tena.

Leo asubuhi nilienda nikamwambia Mama Mkuu kila kitu, kupitia vyuma. Akasema, "Sisi tulizuia barua, padri. Wewe ulimzuia mtu." Nilimwomba amwite Akech saa hiyo hiyo. Akakataa. Akasema haiwezekani aambiwe mama yake yuko hai halafu alale usiku mwingine bila kumwona. Mama aje kwanza. Na akasema yeye hatamwambia. "Wewe ndiye uliyemzika." Jumamosi atasoma padri mwingine. Kwa askofu nimeshaandika, nimepeleka mwenyewe, na atakaloamua ni sawa.

Sikuombi unisamehe leo.

Kesho, Alhamisi tarehe kumi Aprili, saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na gari la Willis. Fatu akipenda aje. Saa nne tutakuwa kule. Mama Mkuu ameruhusu kile chumba cha wageni, na amesema mlango wa vyuma utafunguliwa, mtakaa bila kitu katikati. Nitaingia mimi kwanza. Nitamwambia kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama: hakuna kaburi, sikuona mazishi, Obonyo hana kosa, mama yako yuko hai na mimi nilijua. Kwa mpangilio huo, bila kuanza na habari za kutokuelewana kwenye simu.

Wewe utakuwa kwenye kiti, nje ya mlango. Nitauacha wazi ili usikie kama nimesema ama sijasema. Ukisikia naanza kuzunguka, usiningoje. Kohoa. Atakujua kabla mimi sijamaliza.

Mbugua